Tepu ipi iingie leo? Mwongozo kamili wa kutunza zamu za tepu za bakapu kwa programu ya Amanda

Ofisi niliyoanzia kazi, Dar es Salaam, ilikuwa na tepu tano tu za bakapu. Kila moja iliandikwa kwa kalamu nyeusi: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Dada wa mapokezi alichomeka ya siku hiyo kabla ya kwenda nyumbani, na saa nne usiku skripti iliamka yenyewe ikanakili seva nzima. Mambo yalikwenda salama mpaka mwezi ulipoandama. Idd ikawa Jumatano, Alhamisi nayo mapumziko, na tepu ya Jumanne ikabaki ndani ya draivu.

Skripti haijui sikukuu. Usiku wa Jumatano iliandika juu ya nakala ya Jumanne. Baadaye usiku ule umeme ukakatika na kurudi kwa kishindo, hifadhidata ya mishahara ikaharibika, na Alhamisi saa nne skripti ikaunakili ule uharibifu kwa uaminifu wote, juu ya tepu ile ile. Ijumaa asubuhi nakala safi ya karibuni kabisa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya Jumatatu. Wahasibu wawili walikesha wakiingiza upya kazi ya siku nzima, na hakuna aliyenisalimia wiki ile.

Dada wa watu hakukosea kitu. Tuliokosea ni sisi tuliofunga zamu ya tepu kwenye kalenda. Kalenda ina sikukuu, migomo ya daladala, mafua na umeme wa mgao. Zamu inatakiwa ikae kwenye orodha inayotunzwa na programu yenyewe, na mtu abaki na kazi moja tu: kuchomeka kile alichoombwa. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kufanya hivyo kwa Amanda, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ambayo bado inafanya kazi vizuri kwenye Linux. Nachukulia kwamba umeshaisakinisha, una draivu moja ya LTO (aina ya tepu za kuhifadhia data), na unaweza kuandika amri bila kutetemeka.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kununua tepu

Amanda inataka kujua mambo manne. `dumpcycle` ni muda ambao ndani yake kila diski lazima ipate angalau bakapu kamili moja. `runspercycle` ni mara ngapi bakapu inaendeshwa ndani ya muda huo. `runtapes` ni tepu ngapi zinaruhusiwa kutumika kwa usiku mmoja. La nne ndilo linalolinda zamu: `tapecycle`.

Wengi hudhani `tapecycle` ni idadi ya tepu ulizonazo. Sivyo hasa. Ni idadi ya tepu ambazo Amanda inazihesabu kuwa zinafanya kazi, kwa hiyo haitaziandika juu. Ukiweka 15, tepu haiguswi tena mpaka tepu nyingine 14 ziwe zimeandikwa baada yake. Ndiyo maana idadi halisi ya tepu kabatini iwe kubwa kidogo kuliko `tapecycle`. Mimi hununua 20 na kuweka 15. Mzunguko wote ukishapita, wakati wowote kuna tepu sita zinazokubalika, si moja. Tepu moja ikipotea kwenye droo ya bosi, kazi ya usiku haisimami.

Usishuke chini sana. Ukiwa na bakapu tano kwa wiki na tepu moja kila usiku, `tapecycle` ya 5 ni hatari: unaweza kufuta bakapu kamili ya zamani kabla mpya haijakamilika. Sita ndiyo kikomo cha chini kabisa, na hata hiyo ni ya mtu asiyejipenda. Mara mbili au tatu ya tepu za mzunguko mmoja ni kipimo kizuri.

Kuhusu ukubwa, LTO-6 inabeba TB 2.5. Namba kubwa zaidi iliyoandikwa kwenye boksi, TB 6.25, ni ya data iliyobanwa. Picha, video na faili za zip hazibaniki tena, kwa hiyo usipange bajeti kwa namba ya boksi.

Hivi ndivyo sehemu inayotuhusu ya `/etc/amanda/ofisi/amanda.conf` inavyoonekana:

```
org "ofisi"
mailto "root"
dumpcycle 1 week
runspercycle 5
runtapes 1
tapecycle 15 tapes
tpchanger "chg-single:tape:/dev/nst0"
labelstr "^OFISI-[0-9][0-9][0-9]$"
autoflush yes
reserve 30
```

Angalia herufi `n` kwenye `nst0`. Kifaa `st0` hurudisha tepu mwanzo kila kinapofungwa. Kifaa `nst0` huiacha ilipo. Ile skripti yetu ya Idd ilitumia `st0`, na ndiyo sababu kila usiku ilianza upya juu ya nakala ya jana.

Hatua ya 2: Zipe tepu namba, usizipe siku

Chomeka tepu mpya moja moja, na kwa kila moja, ukiwa mtumiaji wa Amanda (kwenye Debian huitwa `backup`), andika:

```
amlabel ofisi OFISI-001
```

Kisha 002, 003, mpaka 020. Amri hii inafanya mambo mawili: inaandika jina mwanzoni kabisa mwa tepu, na inaliingiza kwenye orodha. Kuanzia hapo Amanda huisoma lebo hiyo kabla ya kuandika chochote. Hata ukibandika karatasi isemayo 012 juu ya tepu 004, haidanganyiki. Utadanganyika wewe.

Kwa hiyo bandika karatasi papo hapo, tepu moja ikiwa mkononi, kabla hujaigusa inayofuata. Nilishawahi kuandika lebo kumi kwanza nikasema nitabandika baadaye. Nilitumia alasiri nzima kuzisoma tena moja moja. Karatasi ikae kwenye kile kibonyeo kilichotengenezwa kwa ajili yake. Ikibandikwa penginepo inaweza kung'ang'ania ndani ya draivu, na draivu ni ghali kuliko tepu zote hizo.

Kama `amlabel` inakataa ikisema tepu tayari ina lebo, simama. Kuna `-f` ya kulazimisha, lakini kataa kuitumia mpaka ujue tepu hiyo ilikuwa na nini. Pia kuna mpangilio uitwao `autolabel` unaoiacha Amanda izipe lebo tepu ngeni peke yake. Ukiutumia, ishia kwenye neno `empty`. Neno `volume-error` maana yake ni kwamba tepu iliyoshindwa kusomeka, labda kwa sababu kichwa cha draivu ni kichafu tu, itachukuliwa kama tupu na kuandikwa juu. Siyo bahati ninayotaka kuijaribu.

Hatua ya 3: Jifunze kuisoma orodha

Zamu yote inakaa kwenye faili moja la maandishi, `/etc/amanda/ofisi/tapelist`. Baada ya wiki mbili linakuwa na sura hii:

```
20240614220001 OFISI-010 reuse
20240613220001 OFISI-009 reuse
20240612220001 OFISI-008 reuse
...
0 OFISI-019 reuse
0 OFISI-020 reuse
```

Safu ya kwanza ni tarehe na saa tepu ilipoandikwa mara ya mwisho, mpya ikiwa juu. Sifuri ni tepu iliyopewa lebo lakini haijaonja data. Neno `reuse` linasema tepu inaruhusiwa kurudi kwenye mzunguko. Matoleo mapya huongeza maneno mengine mwishoni mwa mstari. Yaache kama yalivyo. Usilihariri faili hili kwa mkono wakati bakapu inaendelea, na ikiwezekana usilihariri kabisa, kwa sababu kuna amri ya kila jambo utakalotaka kubadilisha.

Ukitaka kujua zamu ya nani leo:

```
amadmin ofisi tape
```

Itakutajia tepu inayosubiriwa. Kama bado una tepu zenye sifuri itasema inataka tepu mpya, na itakutajia ile mpya inayofuata ambayo tayari ina lebo. Hilo ndilo jibu pekee la swali "tuweke ipi?". Usiulize kumbukumbu ya mtu.

Hatua ya 4: Ifanye mashine iulize mchana, isingoje usiku

Tepu isiyo sahihi ikigundulika saa nne usiku, hakuna wa kuibadilisha. Weka mistari hii kwenye krontabu (ratiba ya kazi za Linux) ya mtumiaji wa Amanda:

```
0 15 * * 1-5 /usr/sbin/amcheck -a ofisi
0 22 * * 1-5 /usr/sbin/amdump ofisi ; mt -f /dev/nst0 offline
```

Saa tisa alasiri `amcheck` inasoma tepu iliyomo, inaangalia kama ni ya zamu, inazipigia hodi seva zote, kisha inatuma barua pepe. Saa nne usiku `amdump` inafanya bakapu yenyewe. Vitabu vingi vinashauri `-m`, ambayo hutuma barua pale tu penye kosa. Mimi nimehamia `-a`, inayotuma kila siku, kwa sababu ukimya una maana mbili: mambo ni mazuri, au mfumo wa barua pepe umekufa. Nikiikosa barua ya saa tisa, nainuka kitini.

Ile `mt offline` mwishoni hutema tepu kazi ikiisha. Ukiikuta asubuhi imetoka nje ya draivu, unajua kazi ilifika mwisho bila hata kufungua kompyuta, na tepu iliyotemwa haiwezi kuandikwa tena usiku unaofuata kwa bahati mbaya. Nimetumia nukta-mkato badala ya `&&` kwa makusudi: `amdump` ikikutana na kasoro ndogo kwenye seva moja hurudisha alama ya kushindwa, na bado nataka tepu itoke.

Ripoti ya `amdump` huja kwa barua pepe usiku huo huo. Juu kabisa inataja tepu iliyotumika na tepu inayosubiriwa baadaye. Chapisha mistari hiyo miwili au iandike kwenye daftari.

Hatua ya 5: Daftari na kabati

Ndiyo, daftari la karatasi. Siku seva ya bakapu yenyewe ikiungua, orodha iliyokuwa ndani yake imeungua nayo. Safu tano zinatosha: tarehe, tepu iliyoombwa, tepu iliyoingizwa, nani aliingiza, imepelekwa wapi. Safu ya pili na ya tatu zikitofautiana, andika sababu pembeni.

Kabatini, tepu zisimame kwa mpangilio wa namba, zote zikiwa kwenye vikasha vyake. Zinazofuata kwenye zamu ziwe ofisini. Zilizoandikwa karibuni ndizo zitoke kwenda jengo jingine, maana ndizo utakazozihitaji moto ukitokea. Nimeona mahali wakifanya kinyume: tepu mpya mezani karibu na seva, za kale benki. Kwa tepu 20 na usiku tano kwa wiki, kila tepu hurudi zamu baada ya wiki nne, kwa hiyo anayezibeba anahitaji safari moja tu kwa wiki, akipeleka tano na kurudi na tano.

Kwa tuliopo pwani, tepu iliyotoka kwenye joto la gari kuingia chumba chenye kiyoyozi ipumzike ndani ya kikasha chake kabla ya kuchomekwa, saa 24 ikiwezekana. Iliyoanguka sakafuni isirudi kazini bila kukaguliwa.

Hatua ya 6: Siku mambo yanapokwenda kombo

Sikukuu imetangazwa ghafla na mtu ameirudisha ndani tepu ya jana. Hapa ndipo tofauti na ile skripti ya zamani inapoonekana. Amanda inasoma lebo, inaona tepu bado iko kwenye mzunguko unaolindwa, na inakataa kuiandika. Bakapu inakwenda kwenye diski ya kungojea, ile unayoitaja kama `holdingdisk` kwenye mipangilio. Sharti uwe umeitenga, na iwe kubwa. Kuna mtego mdogo: kwa kawaida, tepu inapokosekana, nafasi yote ya diski hiyo huwekwa akiba kwa bakapu za mabadiliko tu (zinazonakili kilichobadilika peke yake), na bakapu kamili huachwa. Ndiyo kazi ya `reserve 30` hapo juu: asilimia 30 ibaki kwa mabadiliko, iliyobaki ipokee hata bakapu kamili.

Mkirudi kazini, chomeka tepu inayoombwa. Kwa kuwa tumeweka `autoflush yes`, yaliyolala kwenye diski yataandikwa pamoja na ya usiku huo. Ukitaka kuyaandika mchana, `amflush ofisi`, lakini kumbuka hiyo inakula tepu moja ya zamu na ya usiku itakuwa inayofuata. Usiishike moyoni. Uliza tena `amadmin ofisi tape`.

Mtu ameweka 013 wakati inatakiwa 011. Kama 013 ni miongoni mwa zile sita zilizokomaa, Amanda itaipokea tu, na mpangilio wa namba utavurugika kidogo. Usijaribu kuunyoosha. Zamu inafuata tarehe, namba ni jina tu. Nawajua mafundi waliopoteza usingizi wakitaka 011 itangulie 012 daima, kana kwamba tepu ni wanafunzi wa paredi.

Tepu imepelekwa mahali na haitarudi kwa wakati? Itoe kwenye zamu bila kuifuta:

```
amadmin ofisi no-reuse OFISI-011
```

Ikirudi, amri ile ile kwa neno `reuse`. Tepu iliyoliwa na draivu ni habari nyingine. Hiyo unaifuta kwa `amrmtape ofisi OFISI-011`, ambayo huiondoa kwenye orodha na pia hufanya Amanda isahau bakapu zilizokuwemo. Kisha lazimisha bakapu kamili ya seva zilizokuwa juu yake, mfano `amadmin ofisi force seva1`, na uingize tepu mpya yenye namba mpya, 021. Usirudie namba ya marehemu. Daftari lako litakuwa na tepu mbili za jina moja na siku moja litakuchanganya.

Hatua ya 7: Tepu za mwezi na za mwaka

Hapa ndipo wanaotoka kwenye mtindo wa babu, baba na mwana (tepu za mwezi, za wiki na za siku) hukosea. Wamezoea kwamba tepu ya Ijumaa ina kila kitu, hivyo huchukua tepu ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, huipa `no-reuse`, na kuifungia kabatini kwa miaka saba. Lakini Amanda haina Ijumaa kubwa. Inagawa bakapu kamili katika usiku zote za mzunguko ili mzigo uwe sawa: leo seva hii kamili na zile mabadiliko, kesho nyingine. Tepu moja haina picha nzima ya ofisi. Ukiifungia peke yake umehifadhi kipande.

Tengeneza usanidi wa pili, kwenye saraka yake, tuseme `/etc/amanda/kumbukumbu`, wenye `labelstr` yake, `KUMB-` badala ya `OFISI-`, na `dumpcycle 0` ili kila kitu kiwe bakapu kamili. Kwenye aina ya bakapu weka `record no` na `strategy noinc`. Hiyo `record no` ni muhimu: bila yake, bakapu ya mwezi itaandikwa kwenye kumbukumbu za seva kana kwamba ni ya kawaida, na bakapu za mabadiliko za kesho zitaanza kuhesabu kutoka kwenye tepu ambayo iko benki. Lebo tofauti nazo zinakulinda, kwa sababu tepu ya `KUMB` ikichomekwa usiku wa kawaida, Amanda ya ofisi haiitambui na haiigusi.

Ukiwa na roboti

Yaani mashine inayobadilisha tepu yenyewe. Maelezo mafupi, maana kanuni ni ile ile. Tumia `chg-robot` kwenye `tpchanger`. Sloti si zamu: tepu iliyo sloti ya 3 leo inaweza kuwa ya 9 kesho. Msimbopau ulio nje na lebo iliyo ndani vifanane tarakimu, mfano `OFI007L6` kwa `OFISI-007`. Herufi mbili za mwisho hutaja kizazi cha LTO. Kila mlango wa roboti ukifunguliwa na tepu kupanguliwa, endesha `amtape ofisi update`, halafu `amtape ofisi inventory` uone kilichomo. Tepu ya kusafishia iwe kwenye sloti ambayo umeiacha nje ya `use-slots`, la sivyo kila ukaguzi utaipakia na kuzipunguza siku zake.

Hatua ya 8: Kurejesha, tepu kwa mpangilio wake

Mtu amefuta folda. Kwanza:

```
amadmin ofisi find seva1 /home
```

Utapata tarehe, ngazi na tepu. Tuseme inasema ngazi 0, yaani bakapu kamili, iko 005, ngazi 1 iko 006, ngazi 1 nyingine iko 007, ngazi 2 iko 008. Unahitaji zipi? Kila ngazi inabeba yote yaliyobadilika tangu bakapu ya mwisho ya ngazi ya chini yake. Kwa hiyo ngazi 1 ya 007 imeshameza ya 006. Utachomeka 005, kisha 007, kisha 008, kwa mfuatano huo na si mwingine. Ukianza na 008, faili za kale zitarudi juu ya mpya. Ukitumia `amrecover`, amri ya Amanda ya kurejesha faili, yenyewe itakuomba tepu moja baada ya nyingine.

Na kama seva ya bakapu imeondoka na orodha yake? Tepu zenyewe zinajua zilivyo. Zirudishe mwanzo, usome kipande cha kwanza:

```
mt -f /dev/nst0 rewind
dd if=/dev/nst0 bs=32k count=1
```

Itatokea kitu kama `AMANDA: TAPESTART DATE 20240611220001 TAPE OFISI-007`, kwa maandishi ya kawaida. Kila bakapu ndani ya tepu nayo ina kichwa cha KB 32 kinachotaja seva, diski, ngazi na hata amri ya kuifungua kwa `dd` na `tar` bila Amanda kuwepo. Tepu 20 kwa dakika chache kila moja, umepata orodha upya. Tulipofanya jaribio hili ofisini, daftari na tepu vilikubaliana zote isipokuwa mbili, 014 na 015, zilizokuwa zimebadilishana vikasha tangu siku ya kwanza.